Hakimiliki na Mshairi Aliyefariki: Historia ya Neno na ya Kutoelewana Kwake

Utangulizi

Neno hakimiliki limekwisha kuzoeleka katika ofisi zetu, katika shule na katika nyumba za uchapaji, hata si rahisi kukumbuka kwamba ni neno changa. Lakini kuzoeleka kwa neno si kueleweka kwake. Mwandishi wa makala haya alipata kushuhudia jambo lililomfundisha tofauti hiyo. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alinakili mashairi machache ya marehemu Shaaban Robert, akayaweka katika mtandao wa intaneti ili wanafunzi wake na walimu wenziwe wayasome. Haukupita muda mrefu akaandikiwa barua na ofisi moja, akiamriwa ayaondoe kwa sababu yana hakimiliki. Mwalimu akatii. Katika mwaka uleule ofisi ileile ilieneza, kwa njia hiyohiyo ya mtandao, mashairi ya malenga mwingine aliyekuwa amefariki miaka miwili tu nyuma, bila ya kumwuliza mjane wake wala watoto wake. Walipolalamika walijibiwa kwamba marehemu hana mali, na kwamba mashairi ni urithi wa taifa zima.

Mwalimu alizuiwa kutumia kilicho cha watu wote, na mjane alinyang'anywa kilicho chake. Makosa hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yametoka katika chungu kimoja. Waliotenda hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakilitumia neno wasilojua mipaka yake. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kutoelewana kwingi juu ya kazi za washairi waliofariki kunatokana na jambo moja: neno hakimiliki hutaja haki na hutaja miliki, lakini halitaji muda. Na katika sheria yote inayohusu kazi ya marehemu, muda ndio msingi.

Desturi ya pwani kabla ya sheria

Kabla ya kuja kwa sheria yoyote iliyoandikwa juu ya jambo hili, washairi wa pwani walikuwa na desturi yao. Mtunzi wa utenzi alizoea kumaliza kwa kutaja jina lake, na pengine ukoo wake na mwaka wa kutunga. Akawaomba wasomaji wamwombee dua, na wajuzi wamrekebishe penye kosa. Baada ya hapo utenzi ulikwenda zake. Utenzi aliotungiwa Mwana Hashima na mama yake, Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, ulinakiliwa mkono kwa mkono na nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyeona kwamba kunakili ni wizi. Lililotakiwa kwa mwenye kunakili lilikuwa uaminifu: asipotoe maneno, wala asifute jina la mtunzi akaweka lake.

Hata pale fedha zilipoingia, hazikulipiwa maneno. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa fundi mashuhuri wa hati, na aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao William Hichens na Ernst Dammann. Ujira aliopewa ulikuwa wa kazi ya mkono, kama ule anaopewa fundi wa nakshi za milango. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kumlipa Kijuma amenunua utenzi wenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalisemwa barazani na sokoni, yakahifadhiwa zaidi vichwani mwa watu kuliko karatasini. Baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, ikitayarishwa na Hichens, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hivyo shairi moja la Muyaka limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia mwanafunzi wa leo.

Hapo ndipo penye kutoelewana kwa kwanza. Msomaji hufungua kitabu, akaona mwanzoni kwamba haki zote zimehifadhiwa, akadhani kwamba mashairi ya Muyaka yana mwenyewe, naye ni yule ambaye jina lake lipo juu ya jalada. Sivyo. Maneno ya Muyaka hayana mwenye haki ya kuzuia mtu. Chenye mwenyewe ni kile alichokiongeza mtayarishaji: utangulizi, ufafanuzi, tafsiri. Mwalimu anaweza kunakili shairi la Muyaka na kuligawa atakavyo. Hawezi kunakili tafsiri na sherehe ya mtaalamu wa juzi akadai kwamba Muyaka alifariki zamani. Katika ukurasa mmoja wamelala watu wawili, na kila mmoja ana hesabu yake.

Kesi ya mshairi marehemu huko London

Sheria tuliyo nayo haikutoka katika desturi hiyo ya pwani. Ililetwa na utawala wa Kiingereza, na kwa hiyo yafaa tuitazame ilikozaliwa. Kesi kubwa iliyoijenga ilikuwa ni ugomvi juu ya mashairi ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Mtu huyo alikuwa James Thomson, Mskoti, aliyefariki mwaka 1748. Shairi lake refu juu ya majira ya mwaka, The Seasons, lilitoka sehemu kwa sehemu kuanzia 1726 na likakamilika mwaka 1730. Lilipendwa mno. Haki yake ilinunuliwa na mwuza vitabu wa London, Andrew Millar. Wakati huo Uingereza ilikuwa na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1710 katika enzi ya Malkia Anne, nayo ilitoa haki ya kuchapa kitabu kipya kwa miaka 14, na miaka 14 mingine endapo mtunzi yu hai. Baada ya hapo kila mtu aliruhusiwa kuchapa.

Wauza vitabu wa London, hata hivyo, walikuwa na maoni mengine. Walisema kwamba sheria ya 1710 imeongeza adhabu tu, na kwamba chini yake ipo haki ya kale isiyo na mwisho: mtu akitunga, amemiliki, akiuza, mnunuzi amemiliki, na miliki ya maneno, kama miliki ya shamba, hurithiwa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1763 Robert Taylor, mchapaji wa Berwick, alitoa chapa yake ya The Seasons, ilhali muda wa sheria ulikuwa umekwisha. Millar akamshtaki. Mwaka 1769 mahakama, ikiongozwa na Lodi Mansfield, ikaamua kwa wingi wa majaji kwamba wauza vitabu wana haki: miliki ya maneno haina mwisho. Millar mwenyewe alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla ya hukumu. Wasimamizi wa mali yake waliiuza haki ya mashairi ya Thomson kwa kundi la wauza vitabu, miongoni mwao Thomas Becket, kwa paundi 505.

Msomaji na aangalie jambo hili. Mtunzi amekufa. Aliyenunua kwa mtunzi naye amekufa. Maneno yananadiwa pamoja na vitu vingine vya urithi, na wanunuzi si ndugu wala jamaa wa mshairi. Wanataka hukumu iwape nguvu ya kuwazuia watu wote wengine wasichape shairi hilo milele.

Alexander Donaldson, mwuza vitabu wa Edinburgh aliyejulikana kwa vitabu vyake vya bei nafuu, hakukubali. Alilichapa shairi, akazuiwa na mahakama, akakata rufani mpaka kwenye Baraza la Malodi, ambalo zamani hizo lilikuwa ndilo la mwisho la rufani. Tarehe 22 Februari 1774 Baraza likaipindua rai ya 1769. Liliamua kwamba kitabu kikishatolewa, haki ya kukinakili ni ile iliyotolewa na sheria, kwa muda uliowekwa na sheria. Muda ukiisha, haki imekwisha.

Matokeo yalionekana upesi. John Bell alianza mwaka 1777 kutoa mfululizo wa washairi wa Uingereza katika vitabu vidogo vya bei nafuu, hata vikafika 109. Wauza vitabu wa London walipoona ushindani huo walimwajiri Samuel Johnson aandike maisha ya washairi kwa ajili ya mfululizo wao, na kazi hiyo ikawa mojawapo ya vitabu vikubwa vya uhakiki katika lugha ya Kiingereza. Washairi waliokuwa wamefungiwa wakaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Somo la kesi hiyo kwetu ni la istilahi kama lilivyo la sheria. Hoja ya wauza vitabu wa London ilisimama juu ya neno miliki. Ukikubali kwamba maneno ni miliki kama shamba, ni vigumu kukataa kwamba hayana mwisho, kwa maana shamba halina mwisho. Hukumu ya 1774 ilisema kwamba hii ni ruhusa ya muda, iliyotolewa ili mtunzi apate riziki na watu wapate vitabu. Sisi tumelichukua jambo lililoamuliwa namna ile, tukalipa jina lililobeba hoja ya upande ulioshindwa.

Karatasi na maneno

Kutoelewana kwa pili ni kule kunakochanganya karatasi na maneno yaliyoandikwa juu yake. Ndugu au rafiki wa marehemu ana daftari la mashairi lililoandikwa kwa mkono wa mshairi mwenyewe. Je, si yeye mwenye hakimiliki? Maktaba imenunua miswada. Je, haikununua na haki ya kuichapisha?

Jambo hili nalo liliamuliwa zamani kwa sababu ya mshairi. Mwaka 1741 Alexander Pope alimshtaki Edmund Curll, mwuza vitabu aliyechapisha barua alizoandikiana na Jonathan Swift bila ya idhini. Lodi Hardwicke aliamua kwamba aliyepokea barua ni mwenye karatasi, lakini hakupata kwa hilo ruhusa ya kuyachapisha maneno. Maneno yamebaki kwa aliyeandika. Kwa kanuni hiyohiyo, Pope alipewa kinga kwa barua alizoziandika yeye, wala si kwa zile alizoandikiwa na Swift, ijapokuwa karatasi za Swift zilikuwa mikononi mwake.

Katika fasihi yetu mfano wake unajulikana. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua nyingi kati ya 1931 na 1958. Barua hizo zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, zikihaririwa na M. M. Mulokozi. Mtu akiuliza barua ni za nani, jibu si moja. Karatasi zilikuwa za aliyeandikiwa. Haki ya maneno ilikuwa ya aliyeandika, na baada yake ya warithi wake, kwa muda wa sheria. Utangulizi na maelezo ni ya mhariri. Lugha yetu inao uwezo wa kuyatenga mambo hayo matatu, kwani tunayo maneno mswada, nakala, kazi na maelezo. Kinachotushinda ni kuyatia yote katika mfuko mmoja wa hakimiliki.

Sheria ilipofika kwetu

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ilienezwa katika makoloni na nchi zilizokuwa chini ya udhamini, na Tanganyika iliipata katika miaka ya 1920. Kwa sheria hiyo haki ya mtunzi ilidumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kazi iliyochapishwa mara ya kwanza baada ya kifo cha mtunzi ilihesabiwa miaka 50 tangu kuchapishwa. Aidha, ilikuwamo njia ya katikati ambayo wengi wameisahau: ikiisha miaka 25 baada ya kifo, mtu mwingine aliweza kukichapa kitabu bila ya idhini, mradi atoe taarifa na alipe mrabaha wa asilimia 10 ya bei.

Baada ya uhuru, Kenya na Tanzania zilitunga sheria zao mwaka 1966. Zote mbili zilifupisha muda: miaka 25 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Nchi changa zilizohitaji vitabu vya shule hazikuona sababu ya kuwafungia watoto wao maneno ya marehemu kwa nusu karne. Baadaye nchi hizo ziliingia katika Mkataba wa Berne, Kenya mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na mkataba huo unataka miaka isiyopungua 50. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, na ile ya Kenya ya 2001, zikaweka maisha ya mtunzi na miaka 50.

Sasa tuirudie kesi ya mwalimu wetu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya miaka 25, haki ilikwisha mwisho wa 1987. Hata tukishika hesabu iliyo ndefu zaidi, ya miaka 50, ilikwisha tarehe 31 Desemba 2012. Kwa hiyo mwalimu aliyeyanakili mashairi hayo kutoka katika chapa za zamani, pasipo kuchukua maelezo ya mhariri wa siku hizi, hakumwibia mtu. Barua aliyoandikiwa ilitaja haki iliyokwisha kuzimika.

Kwa hesabu hiyohiyo Sheikh Amri Abedi, aliyefariki mwaka 1964, kazi zake zilikuwa za wote mwaka 2014 ulipokwisha. Na Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, zake zilikuwa za wote mwaka 2019 ulipokwisha. Lakini Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu alifariki mwaka 2017. Muda wake, kwa sheria ya Kenya, hautakwisha kabla ya mwisho wa 2067. Na yule malenga ambaye mjane wake hakuulizwa alikuwa na miaka miwili tu kaburini. Mjane alikuwa na miaka 48 ya haki mbele yake, naye aliambiwa kwamba hana kitu.

Jina la Nabhany linatukumbusha jambo jingine linalowahusu wasomaji wa jarida hili hasa. Yeye alikuwa mshairi, na pia alikuwa mbuni wa istilahi. Neno runinga hunasibishwa naye. Je, tunapolitumia neno hilo tunamnakili marehemu? Hapana. Neno moja, wazo, bahari ya shairi au hesabu ya mizani havizuiwi na sheria hii. Kinachohifadhiwa ni utungo, yaani maneno yalivyopangwa na mtunzi. Mtu yeyote anaweza kutunga utenzi juu ya vyombo vya baharini kama alivyotunga Nabhany. Hawezi kuuchapisha utenzi wa Nabhany kama ulivyo bila ya idhini ya warithi.

Mafasiri na hesabu zake tatu

Mafasiri wana sababu ya pekee ya kuyajua haya, kwa maana kazi yao husimama juu ya kazi ya mwingine. Chukua tafsiri ya Shaaban Robert ya rubai za Omar Khayyam, iliyotolewa katika miaka ya 1950. Khayyam alifariki mwaka 1131, wakati ambao sheria ya namna hii haikuwapo popote. Shaaban Robert hakufasiri kutoka Kiajemi. Alifuata Kiingereza cha Edward FitzGerald, aliyechapisha mara ya kwanza mwaka 1859 na kufariki mwaka 1883. Hapo pana marehemu watatu na hesabu tatu, na leo zote zimekwisha.

Sasa linganisha na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na mtu husikia ikisemwa kwamba, madhali Shakespeare ni wa wote, kitabu hicho nacho ni cha wote. Lakini Kiswahili kilichomo si cha Shakespeare, ni cha Nyerere, naye alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa hesabu ya miaka 50 tafsiri hiyo itakuwa ya wote mwaka 2049 utakapokwisha. Anayetaka kumfasiri Shakespeare upya yu huru leo hii. Anayetaka kuieneza tafsiri ya Mwalimu nzima hana budi kuomba idhini. Hata hivyo, sheria huruhusu kunukuu kwa kiasi, kwa ajili ya mafunzo na uhakiki, kwa kumtaja mtunzi na mahali maneno yalipotoka. Wala mwalimu asiogope kuandika beti mbili ubaoni.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba muda hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Uingereza, kwa mfano, hutumia miaka 70. Kazi inayowekwa mtandaoni Dar es Salaam husomwa Muscat na London pia, na ofisi inayotoa kazi kwa nchi nyingi haina budi kuuliza sheria ya kila nchi. Jambo hilo lahitaji uangalifu, lakini halihitaji hofu.

Maneno tunayoyahitaji

Turudi kwenye neno lenyewe. Waingereza huiita haki hii kwa jina la kunakili. Wafaransa na Wajerumani huiita kwa jina la mtunzi. Vitabu vya zamani vya Kiswahili viliandika haki ya kunakili, na neno nakili asili yake katika Kiarabu ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Lilikuwa jina zuri, maana lilisema ni kitendo gani kinachozuiwa. Hakimiliki, lililokuja kushika mahali pake, limejengwa kwa maneno mawili yenye uzito, haki na miliki, na halisemi ni haki ya kufanya nini, wala ni miliki ya nini, wala mpaka lini. Hatupendekezi lifutwe. Limo katika jina la sheria na la ofisi inayoisimamia, na neno lililokubaliwa na watu halivunjwi kwa makala moja. Tunachopendekeza ni kwamba lisiachwe peke yake, lipewe ndugu zake.

La kwanza, liwe jina la jumla tu, na panapohusika tendo litajwe tendo: haki ya kunakili, haki ya kufasiri, haki ya kuchapisha, haki ya kueneza kwa mtandao. Barua inayomwambia mwalimu kwamba amevunja haki fulani ya mtu fulani inaweza kujibiwa; ile inayosema tu kwamba kuna hakimiliki haina jibu.

La pili, umiliki wa mswada au wa nakala utengwe daima na haki ya kazi. Mwenye daftari ni mwenye daftari.

La tatu, muda wa haki uwe istilahi kamili, na utajwe kila mara kazi ya marehemu inapotajwa. Mtunza maktaba au mhariri akiandika mwaka aliofariki mtunzi na mwaka haki itakapokwisha, amewaondolea wenziwe nusu ya ugomvi.

La nne, na huenda ndilo kubwa zaidi, tuliangalie jina tunaloipa kazi ambayo muda wake umekwisha. Wengi husema mali ya umma. Katika matumizi yetu, hasa tangu Azimio la Arusha la 1967, mali ya umma ni mali iliyo chini ya serikali na mashirika yake: jengo, gari, kiwanda. Afisa anaposikia kwamba mashairi fulani ni mali ya umma, hudhani kwa haki kabisa kwamba yamekabidhiwa kwake ayalinde, na kwamba anayeyachukua bila ya kibali ameiba. Hivyo neno lililokusudiwa kufungua mlango huufunga. Tunapendekeza kazi ya wote, kwa maana kila mtu anaweza kuinakili na hapana anayeweza kumzuia mwenziwe, serikali ikiwamo.

La tano, haki ya kutajwa jina isichanganywe na haki ya kuuza. Katika jambo hili desturi ya pwani na adabu ya sheria zinakutana. Muda wa kunakili ukiisha, jina la mtunzi haliishi. Anayeeneza shairi la Shaaban Robert leo halazimiki kumlipa mtu. Lakini akilieneza bila ya jina, au akilikata na kulipachika maneno yake, amefanya lile ambalo wanakili wa Lamu wasingelikubali.

Hitimisho

Tumeona kwamba juu ya kazi ya mshairi aliyefariki husemwa mambo mawili, na yote mawili si kweli. Wa kwanza husema marehemu hana mali, na hivyo huwanyang'anya mjane na mayatima. Wa pili husema miliki ni miliki, haina mwisho. Naye, kama wauza vitabu wa London, hufunga kitabu ambacho mtunzi wake alitaka kisomwe. Kati ya hao wawili upo muda, uliowekwa na sheria ili kila upande upate sehemu yake: kwanza jamaa za mtunzi, kisha watu wote.

Ofisi za umma, shule na wafasiri ndio wanaoandika barua, vitabu na matangazo ambamo neno hili hutumika kila siku. Ikiwa wao watalitumia kwa mipaka yake, mjane ataulizwa inavyopasa kuulizwa. Na mwalimu, badala ya kuyaondoa mashairi, ataandika chini yake maneno machache tu: mtunzi ni Shaaban Robert, alifariki mwaka 1962, hii ni kazi ya wote.